Daftari la Mzee: Besiboli ya Miaka ya Tisini na Jeraha la 1994

Nina daftari moja lenye jalada la kijani, lililochakaa pembeni, ambalo nimehama nalo nyumba nne bila kulipoteza. Ndani yake hamna maneno mengi. Mna visanduku vidogo, namba, na herufi K zilizoandikwa kwa penseli, nyingine zikiwa zimegeuzwa kinyume kama zinavyoonekana kwenye kioo, na kila ukurasa ni mechi moja ya besiboli. Kurasa za mwanzo ziliandikwa na mzee mmoja wa Seattle, katika makao ya wazee nilikoajiriwa kwa zamu ya jioni. Kurasa za mwisho niliziandika mimi, mwanamke wa Mombasa, macho yake yalipoanza kumsaliti na mkono wake kutetemeka.

Nalitaja daftari hilo kwa sababu nimechoka kusikia besiboli ya miaka ya 1990 ikisimuliwa kwa namna moja tu. Wasimulizi wengi hukimbilia mwaka 1998, Mark McGwire na Sammy Sosa walipokuwa wakishindana kuvusha mipira juu ya ukuta wa uwanja, pigo liitwalo home run, na husema kwamba mashindano yao ndiyo yaliyouponya mchezo baada ya mgomo wa wachezaji wa 1994. Miaka hiyo nilikuwapo, nikisikiliza redioni karibu kila jioni, na sikubaliani nao. Mchezo ulipona mwaka 1995. Ulipona Baltimore mwezi wa Septemba na Seattle mwezi wa Oktoba, na waliouponya walikuwa watu wasiokuwa na nia ya kuponya chochote.

Nilifika Marekani Januari 1994. Besiboli haikunitatiza sana, kwa kuwa shule ya msingi tulicheza raundasi, mchezo wa rungu fupi, mpira mdogo, na vigingi vinne vya kuzungukwa mbio huku wenzako wakikupigia kelele. Mzee alifurahi mno kusikia hivyo. Alinieleza kwamba ilinibidi nijifunze mambo matatu tu: kwamba mchezo huu hauna saa, na kila timu huendelea kupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe, kwamba mechi ina zamu tisa, na ikiwa sare huongezwa zamu mpaka apatikane mshindi, na kwamba kila mlinzi uwanjani ana namba yake ya kuandikiwa. Mrushaji ni 1, mdakaji aliye nyuma ya mpigaji ni 2, walinzi wa vituo ni 3, 4 na 5, anayeziba mwanya kati ya kituo cha pili na cha tatu ni 6, na walio mbali nyasini ni 7, 8 na 9. Ukiandika 6-4-3 umeandika kisa kizima: mpira ulidakwa na huyu, ukatupwa kwa yule, ukamalizikia kwa mwingine, na watu wawili wametolewa kwa pigo moja. K ni mpigaji aliyeshindwa na mrushaji. K iliyogeuzwa ni mpigaji aliyeshindwa akiwa ameduwaa, bila hata kulitikisa rungu lake.

Kabla ya kunifundisha kuandika alinifundisha kusoma, na alianzia kurasa alizozipenda. Wa kwanza ulikuwa wa tarehe 27 Oktoba 1991, mechi ya saba ya World Series, fainali kuu ya mwaka, kati ya Minnesota Twins na Atlanta Braves, timu mbili ambazo mwaka mmoja nyuma kila moja ilikuwa imeshika mkia katika kundi lake. Upande wa Minnesota alirusha Jack Morris, mwenye umri wa miaka 36, mzaliwa wa St. Paul, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka nyumbani kwa timu hiyo. Zamu tisa zikaisha sufuri kwa sufuri. Kocha wake, Tom Kelly, alitaka kumpumzisha, na Morris akakataa kutoka. Akarusha zamu ya kumi pia bila kuruhusu alama, kisha timu yake ikapata moja, mechi ikaisha. Ukurasa ule unapendeza kuutazama hata kwa asiyejua kitu, kwani safu ya alama za Atlanta ina sufuri tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, kama shamba ambalo mbegu zimekataa kuota.

Wa pili ulikuwa wa tarehe 4 Septemba 1993, mrushaji akiwa Jim Abbott wa New York Yankees. Abbott alizaliwa bila kiganja cha mkono wa kulia. Alikuwa akiegemeza glavu yake kwenye kigutu cha mkono huo, anarusha mpira kwa mkono wa kushoto, na kabla mpira haujamfikia mpigaji anakuwa ameshauingiza mkono wa kushoto ndani ya glavu, tayari kudaka. Akidaka, anaibana glavu kwapani, anatoa mpira, anarusha tena. Siku hiyo, dhidi ya Cleveland, alimaliza mechi nzima bila kuruhusu pigo halali hata moja, jambo ambalo warushaji wengi wakubwa hustaafu bila kulipata. Mzee alinisimulia akiwa ameketi kitandani, na alipofika kwenye habari ya kubadilisha glavu alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe, mara tatu, mpaka nikauelewa mwendo wenyewe. Katika wachezaji wote wa muongo ule, hakuna ninayemheshimu kuliko Abbott, ingawa wapo wengi waliomzidi kwa takwimu.

Kisha ukaja mwaka 1994, na kurasa zinakatika katikati.

Ulikuwa msimu wa ajabu. Tony Gwynn wa San Diego alikuwa na wastani wa .394, maana yake ni karibu mapigo manne yenye mafanikio katika kila majaribio kumi, na tangu Ted Williams mwaka 1941 hakuna aliyekuwa amevuka .400. Matt Williams wa San Francisco alikuwa amevusha ukuta mara 43, akiikaribia rekodi ya Roger Maris ya mara 61. Timu bora kuliko zote ilikuwa Montreal Expos, yenye ushindi 74 na kushindwa 40, timu ya Kanada yenye mishahara midogo, chini ya kocha Felipe Alou kutoka Jamhuri ya Dominika, ikiwa na kijana mwembamba aitwaye Pedro Martínez. Tarehe 12 Agosti wachezaji wakagoma. Wamiliki wa timu walitaka kuweka kikomo cha mishahara. Chama cha wachezaji kilikataa. Tarehe 14 Septemba, Bud Selig, aliyekuwa akikaimu uongozi wa ligi, akatangaza kwamba msimu umefutwa pamoja na World Series yake. Fainali hiyo ilikuwa imechezwa katika vita vyote viwili vya dunia, na mara ya mwisho kukosekana ilikuwa 1904.

Mimi nilikuwa upande wa wachezaji, na bado niko hapo. Mishahara yao ilikuwa mikubwa kupita kiasi cha mtu kama mimi kukielewa, lakini fedha ile ilitokana na watu waliokuja kuwatazama wao, na sijawahi kumwona mtu akilipa kiingilio ili amwangalie mmiliki wa timu akiwa ameketi. Mzee hakutaka kusikia habari za upande wowote. Alilifunga daftari, akaniagiza niliweke juu ya kabati mahali ambapo mkono wake haufiki, na redio ikawa ya muziki na habari. Mgomo ulimalizika Aprili 1995 baada ya jaji mmoja wa New York, Sonia Sotomayor, ambaye baadaye angeingia Mahakama ya Juu, kutoa amri dhidi ya wamiliki. Ligi ikarudi, ila mashabiki wengi hawakurudi. Wastani wa watazamaji ulipungua karibu moja ya tano mwaka ule. Mzee alikuwa mmoja wa waliobaki majumbani.

Aliyemfanya ageuze shingo alikuwa Cal Ripken Jr. wa Baltimore Orioles. Tangu tarehe 30 Mei 1982 Ripken hakuwa amekosa mechi hata moja. Rekodi ya kucheza mfululizo ilikuwa ya Lou Gehrig, mechi 2,130, nayo ilikoma mwaka 1939, mwili wa Gehrig ulipokuwa umeshaanza kuliwa na ugonjwa uliokuja kumuua. Katika ghala la matofali mekundu linaloutazama uwanja wa Baltimore walining'iniza namba kubwa za idadi ya mechi, na kila usiku mechi ilipofikia nusu ya kuhesabika kuwa halali, namba moja ilibadilishwa. Tarehe 6 Septemba 1995 zikasomeka 2,131. Mechi ilisimama kwa dakika 22. Wenzake wawili, Rafael Palmeiro na Bobby Bonilla, walimsukuma kutoka kibandani, naye akauzunguka uwanja mzima kwa miguu akishikana mikono na watu wa viti vya mbele, askari, wafanyakazi wa uwanja, watoto, hata wachezaji wa timu pinzani. Joe DiMaggio, aliyewahi kucheza na Gehrig, alikuwapo. Baba yake Ripken pia alikuwapo, juu katika viti, na baba na mwana walitazamana kwa mbali.

Jioni ile nilikuwa kazini. Televisheni ya sebuleni ilikuwa imewashwa na wazee saba au wanane walikuwa wameizunguka, wengi wao wakiwa watu waliofanya kazi miaka arobaini viwandani, bandarini, hospitalini na majumbani mwa wengine. Sidhani kama walikuwa wakishangilia besiboli. Walikuwa wakimtazama mtu aliyekwenda kazini kila siku kwa miaka kumi na tatu, katika nchi ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imeona kazi hiyohiyo ikiachwa, na walielewa uzito wake kuliko mwandishi yeyote wa michezo. Mzee alitazama mpaka mwisho bila kusema neno. Nilipokuwa nikimlaza usiku ule aliniomba nimpe daftari.

Na hapo ndipo timu ya mjini kwetu ikaamua kufufuka.

Seattle Mariners walianzishwa mwaka 1977 na hawakuwahi kufika hatua ya mtoano hata mara moja. Uwanja wao, Kingdome, ulikuwa bakuli la zege lililofunikwa, na Julai 1994 vigae vya dari yake vilianguka kwenye viti kabla ya mechi, timu ikalazimika kumaliza siku zilizobaki ikicheza ugenini. Mjini kulikuwa na hofu ya wazi kwamba timu itahamishwa. Mwezi wa Mei 1995 nyota wao, Ken Griffey Jr., aliruka kudaka mpira, akajigonga ukutani, akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa kwa chuma na skrubu, na hakurudi mpaka katikati ya Agosti. Mwanzoni mwa Agosti timu ilikuwa nyuma ya Angels wa California kwa mechi 13. Kwa kawaida hapo msimu umekwisha.

Lakini walishinda, na Angels wakaporomoka, hata timu zote mbili zikamaliza sawa. Tarehe 2 Oktoba zikacheza mechi moja ya kuamua. Mariners walimpa mpira Randy Johnson, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili na mkono wa kushoto uliotisha, na akashinda 9 kwa 1. Upande wa pili alirusha Mark Langston, ambaye mwaka 1989 Seattle ilimwachia kwenda Montreal ili impate Johnson huyohuyo. Mzee alinieleza hilo kwa furaha ya mtu anayeona hesabu za zamani zikilingana mbele ya macho yake.

Mtoano ulikuwa dhidi ya New York Yankees, na ningeweza kuandika makala nzima juu ya mechi zile tano. Seattle walipoteza mbili za kwanza New York, ya pili ikienda zamu 15 mpaka baada ya usiku wa manane, kwenye mvua. Waliporudi nyumbani wakashinda mbili. Katika ya nne Edgar Martínez, mtu mpole aliyekulia Puerto Rico, alileta alama saba peke yake. Mechi ya tano ilichezwa Jumapili, tarehe 8 Oktoba, mbele ya watu zaidi ya 57,000.

Nilikuwa chumbani kwa mzee, redio ikiwa dirishani, sauti ikiwa ya Dave Niehaus, mtangazaji aliyekuwa na timu tangu mechi yake ya kwanza. Kalamu za wino mzee alizikataza daima. Daftari lilikuwa mapajani mwangu na penseli mkononi, naye alikuwa amefumba macho. Mechi ilikuwa sare 4 kwa 4 baada ya zamu tisa. Kocha Lou Piniella alikuwa ameshamwingiza Randy Johnson, ambaye alikuwa amepumzika siku moja tu tangu arushe mechi ya tatu, na ukumbi mzima ulisikika redioni ukiunguruma alipotembea kuingia. Katika zamu ya kumi na moja Yankees wakapata alama, 5 kwa 4. Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba hata hivyo ulikuwa mwaka mzuri.

Joey Cora, mfupi kuliko wote, akaugusa mpira tu kwa rungu ukabingirika kando ya mstari, akakimbia, akajipinda kumkwepa Don Mattingly, akafika. Griffey akapiga pigo la katikati. Cora akafika kituo cha tatu. Edgar akaja. Jack McDowell alirusha, na Edgar akaupeleka mpira kwenye mstari wa kushoto, mpaka kwenye kona. Cora aliingia nyumbani, yaani kituo cha mwisho kinacholeta alama, na mechi ikawa sare. Kila mtu aliyekuwa akisikiliza alijua kwamba Griffey, aliyekuwa kituo cha kwanza, atafika cha tatu na kusimama. Hakusimama. Aliendelea kukimbia, akateleza nyumbani, 6 kwa 5, na wenzake wakamrukia wote, na kijana yule wa miaka 25 akawa chini ya rundo la watu akicheka, katika picha ambayo mpaka leo imo katika nyumba nyingi za Seattle.

Upande wa pili wa shangwe hiyo alikuwapo Mattingly. Alikuwa amecheza misimu 14, yote katika Yankees, na ule ndio ulikuwa mtoano wake wa kwanza. Ilikuwa pia mechi yake ya mwisho. Mzee aliniomba nimkumbuke, nikaandika jina lake pembeni mwa ukurasa.

Seattle walishindwa na Cleveland katika hatua iliyofuata, na hakuna aliyejali sana. Mwezi wa Septemba wapiga kura walikuwa wamekataa, kwa tofauti ndogo, kodi ya kujenga uwanja mpya. Baada ya mapigo yale bunge la jimbo lilikutana na kupata njia nyingine ya fedha, na uwanja ukafunguliwa Julai 1999. Timu haikuondoka. Montreal, iliyokuwa bora kuliko wote siku ya mgomo, haikupata Edgar wake. Wachezaji wake waliuzwa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2005 timu yenyewe ikahamia Washington. Nikisikia watu wakisema kwamba jeraha la mgomo lilipona, huikumbuka Montreal, na naona kwamba pale halikupona kamwe.

Mchezo huu ulikuwa na jeraha kongwe kuliko hilo, la ubaguzi wa rangi. Tarehe 15 Aprili 1997, miaka 50 tangu Jackie Robinson awe mchezaji wa kwanza Mweusi katika ligi kuu za karne ya ishirini, namba yake 42 iliondolewa katika timu zote kwa heshima yake, mjane wake Rachel akiwa uwanjani. Miaka ya baadaye nilisoma kwamba mwanawe wa mwisho, David Robinson, alihamia Tanzania miaka ya 1980 na kuwa mkulima wa kahawa Mbozi, katika nyanda za juu kusini, akiwauzia Wamarekani kahawa ya wakulima wenzake. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake wa ughaibuni ni jamaa yake. Mjukuu wa watu waliotolewa Afrika kwa nguvu amerudi kulima udongo uleule ambao lugha yangu husemwa juu yake.

Basi, 1998. Sitaki kumnyima mtu furaha yake, na yangu ilikuwapo. McGwire alipovusha mpira wa 62 huko St. Louis tarehe 8 Septemba, alisahau kukanyaga kituo cha kwanza ikabidi arudi, watoto wa Roger Maris walikuwapo, na Sosa alikimbia kutoka nyasini kuja kumkumbatia. Walimaliza na 70 na 66. Niliandika kila pigo lililotajwa redioni. Januari 2010, McGwire alipokiri hadharani kwamba alitumia dawa za kuongeza misuli, nililifungua daftari na kuzitazama kurasa zile kwa uchungu wa kweli. Sikuzifuta, kwa sababu mipira ile ilivuka ukuta na mimi niliandika nilichosikia. Lakini kuziita dawa ya mgomo ni kukosea mwaka na kukosea watu. Na hata wakati huohuo kipaji kisafi hakikukosekana: Pedro Martínez, yule kijana wa Montreal, mwaka 1999 akiwa Boston alishinda mechi 23 na kupoteza 4, na katika mechi ya nyota wote aliwatoa kwa K watano kati ya wapigaji sita aliokabiliana nao, McGwire na Sosa wakiwamo.

Februari 2000 Griffey aliondoka kwenda Cincinnati. Tarehe 26 Machi Kingdome ililipuliwa makusudi, ikaanguka kwa muda usiofika sekunde 20, na vumbi likatanda katikati ya mji. Mzee hakuwapo kuliona. Alikuwa amefariki majira ya baridi, na binti yake alinipa daftari akisema baba alilitaja jina langu. Nililifungua asubuhi ile kwenye ukurasa wa tarehe 8 Oktoba 1995. Mchezaji akifika nyumbani hutakiwa kuchora umbo la almasi ndani ya kisanduku chake na kulijaza rangi. La Cora limejazwa vizuri. La Griffey linaanza vizuri kutoka kituo cha kwanza, linapita cha pili, na baada ya cha tatu mstari wa penseli unatoka nje ya kisanduku, unakata safu mbili za majina, na kufika ukingoni mwa karatasi, maana hapo nilikuwa nimesharuka kutoka kitini.